Maswali ya wasomaji: Tuhame Windows twende Linux au tubaki?

Tangu Microsoft wafunge rasmi msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yanayoingia kwenye safu hii ni yaleyale, Linux Linux Linux, yaani ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaowekwa mahali pa Windows. Leo nachukua ya huku kwetu Kigoma tu, wa mikoa mingine subirini kidogo. Majina nimeyatoa, na maswali marefu nimeyapunguza.

Swali: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Mwanga, natumia laptopu HP EliteBook 840 G3 ramu GB 8 na desktopu moja ya siku nyingi. Kijana aliyekuja kunipigia Windows anasema hii laptopu haikubali Windows 11, niweke Linux ni ya bure na haishiki virusi. Kazi zangu ni kuprinti, kuskani, barua, CV, watu kuomba ajira na mikopo ya chuo, picha za pasipoti na kadi za michango ya harusi. Nihame? Naogopa kukimbiza wateja. (Dada wa steshenari, Mwanga)

Jibu: Nzuri dada yangu, pole na pilika. Kijana hajakudanganya kuhusu Windows 11, hiyo G3 prosesa yake ni ya kizazi cha 6 na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia cha 8. Zipo njia za kuilazimisha na inakubali kabisa, tatizo likija apdeti kubwa inaweza kukugomea na hapo huna wa kumlalamikia.

Ila hapo kwenye "bure" ngoja tuambiane ukweli. Kule Marekani Windows 11 Home bei yake ni dola 139, mtu aliyezoea kulipa hiyo hela ukimwambia kuna mfumo wa bure lazima ageuke akusikilize. Sasa hapa Mwanga nani kalipa? Windows nyingi za mtaani zimekrakiwa, umempa fundi hela yake ya kupiga basi imeisha hiyo, kwahiyo na wewe Windows yako ulishaipata bure kitambo. Fundi wa Linux naye atataka hela yake, tena anaweza akataka zaidi kwasababu wenyewe ni wa kutafuta. Kwahiyo bei iweke pembeni kabisa, siyo sababu ya kuhama kwa mtu wa huku.

Sababu yenyewe kwa mtu wa steshenari ni fleshi za wateja. Unajua mwenyewe, mwanafunzi anakuja na fleshi katoka nayo chuo, ukiichomeka mafaili yote yamegeuka shortcut, ukibonyeza moja tu umeshajiambukiza, halafu kila mteja anayefuata anaondoka na kirusi kutoka dukani kwako na jioni anakurudia analalamika umemuulia risala ya send-off. Virusi vya namna ile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havina pa kushika. Unafungua fleshi unaona shortcut zimejazana, na mafaili ambayo kirusi kiliyaficha yanaonekana hapohapo, unayakopi, unafuta takataka, mteja anakuona mganga. Siyo kwamba Linux haina virusi kabisa, vipo, ila hivi vya mtaani vya kwenye fleshi havikuhusu. Na ile programu ya kukrakia Windows ambayo kabla haijafanya kazi inakuambia zima kwanza antivairasi, hivi ulishajiuliza kwanini inataka izimwe?

Haya tuje kazini kwako moja moja. Mfumo wa ajira, HESLB, RITA kuhakiki cheti cha kuzaliwa, matokeo ya NECTA, hayo yote yanafunguka kwenye brauza, na Firefox inakuja tayari na Linux nyingi. WhatsApp ya kompyuta ya kusakinisha haipo rasmi kwa Linux, utatumia ile ya kwenye brauza, unaskani kwa simu kama kawaida na mafaili ya wateja unayashusha hapohapo. Printa za Epson za tanki, L3110, L3250 na ndugu zake, draiva za Linux zipo na HP nyingi hazina shida, ila zile Canon LBP 2900 za zamani jamani, zile zinatesa, kama ndiyo tegemeo lako usihame kabla hujaijaribu kwa macho yako.

Word ndiyo panapohitaji uvumilivu. Badala yake kuna LibreOffice, inafungua docx na inahifadhi docx, barua na risala hazina shida, ila CV za siku hizi zenye maboksi na picha pembeni na jedwali ndani ya jedwali zinahama, mstari unaruka ukurasa wa pili mteja amesimama anakuangalia. Sababu kubwa ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali ya watu, Linux inaweka mbadala zenye upana uleule, Carlito na Liberation Serif, kwahiyo zinakaribiana sana lakini kukaribiana siyo kulingana. Dawa ni kumwambia mteja alete PDF, na wengi siku hizi wanaelewa.

Kadi za michango sasa. Najua unatumia Publisher, steshenari zote za hapa mjini zinatumia Publisher. Haipo kwenye Linux. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher kwa kubahatisha, nyingine zinatoka vizuri nyingine maua yako yanaenda kona ya chini. Lakini ujue kwamba Microsoft wenyewe wametangaza kuiacha Publisher mwezi Oktoba 2026, kwahiyo hata ukibaki Windows itakubidi ujifunze kitu kingine tu, anza mdogomdogo. Photoshop nayo hakuna, kuna GIMP, picha ya pasipoti inatoka safi ila vidole vyako vimezoea Photoshop na wiki za mwanzo utaitukana.

Ushauri wangu, una mashine mbili, usihamishe zote. Desktopu weka Linux Mint (Linux zipo za aina nyingi, hii ni mojawapo), hiyo desktopu ndiyo iwe ya mbele, fleshi zote za wateja zipite hapo, mambo yote ya brauza na kuprinti PDF hapo. Laptopu ibaki na Windows kwa ajili ya Publisher na Photoshop, na isiguswe na fleshi ya mtu. Kama Windows 10 yako ni halali isajili upate apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026. Na hiyo desktopu kama bado ina hadidiski ya kuzunguka, hela ya kwanza nunua SSD, diski isiyozunguka, hata ya GB 240, kwasababu watu wengi wanaosifia eti Linux imeifufua mashine yao ukichunguza walibadilisha na diski siku hiyohiyo.

Kabla ya kugusa chochote, jaribu. Shusha faili la Linux Mint, ni karibu GB 3 kwahiyo tafuta bando la usiku, chukua programu inaitwa Rufus uliandike kwenye fleshi ya GB 8 (itafutwa yote, usitumie yenye kazi za watu), washa mashine ukibonyeza F9 kama ni HP, Dell na Lenovo nyingi ni F12, uchague fleshi. Mfumo mzima unafunguka kutoka kwenye fleshi bila kuandika kitu kwenye diski. Chomeka printa, skani, fungua CV moja ngumu. Ukichoka unazima, unachomoa, Windows yako iko vilevile. Siku ukiamua kusakinisha kweli, kuna sehemu itakuuliza kama ifute diski nzima, hapo ndipo watu wanalia, soma mara mbili na mafaili yako yawe yameshahifadhiwa kwingine.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Kasulu. Tuna kompyuta za msaada, nyingi ramu GB 2 au 4, zimejaa virusi, nusu haziwaki vizuri. Intaneti hatuna zaidi ya simu zetu. Nimeshauriwa Linux, mkuu wa shule ana wasiwasi. (Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu)

Jibu: Marahaba mwalimu wangu. Mkuu ana haki ya kuwa na wasiwasi ila kwa maabara kama yako mimi nasema hamieni, na nitakuambia na ubaya wake mapema ili usije ukanilaumu.

Zenye GB 4 weka Linux Mint ya Xfce, ndiyo nyepesi. Za GB 2 nazo inakubali, hicho ndicho kiwango chake cha chini, ila mwanafunzi akifungua brauza yenye kurasa tano inastaki, waambie mapema. Kama kuna mashine kongwe kabisa za biti 32 uchaguzi umebaki mdogo, hata Debian (Linux nyingine) waliokuwa wanazibeba wazee hao toleo lao la 13 la mwaka 2025 halisakinishwi tena humo, jaribu Linux inaitwa antiX.

Ubaya wa kwanza, na huu hawausemi wanaosifia Linux wakiwa Dar na intaneti ya nyaya, ni kwamba programu za Linux zinashushwa mtandaoni kutoka kwenye ghala la mfumo wenyewe. Kwenye Windows sisi tumezoea kupeana setapu kwa fleshi, mtu anatoka nayo Kibondo anaipeleka Buhigwe, inasakinishwa maisha yanaendelea. Linux ukichukua programu moja inadai na nyingine tatu za kuisaidia, hizo nazo zinadai zingine, na wewe bando limeisha. Kwahiyo fanya hivi, andaa mashine moja tu kwa intaneti ya simu kwa waya wa USB, isakinishe kila kitu mnachohitaji, halafu nakili diski yake nzima kwenye nyingine zote kwa programu inaitwa Clonezilla. Na pale panapowezekana tafuta programu zilizofungwa kama AppImage, hiyo ni faili moja tu, inabebeka kwa fleshi kama tulivyozoea, LibreOffice yenyewe ipo hivyo.

Ubaya wa pili umeme. Ukikatika ghafla mashine inaandika kitu, siku inarudi unaweza kukuta skrini nyeusi imeandikwa initramfs na herufi zinazotisha, na walimu wote wanakuangalia wewe. Usifomati! Hapo juu kidogo itakuwa imekutajia sehemu ya diski yenye tatizo, mfano /dev/sda2, andika fsck -y halafu jina hilo, bonyeza enta, isubiri ijirekebishe, kisha andika reboot. Mara nyingi inapona. Bandika karatasi ukutani yenye maelezo hayo kwasababu siku itakapotokea wewe utakuwa umesafiri.

Ubaya wa tatu ni mtaala. Kanuni za Excel kwenye LibreOffice Calc karibu zote ni zilezile na mwanafunzi hatapata tabu, ila Access na LibreOffice Base ni vitu viwili tofauti, somo la hifadhidata halihami. Acha mashine tatu nne na Windows kwa ajili hiyo, mpeane zamu.

Raha sasa. Wape wanafunzi akaunti ya kawaida bila kuwapa pasiwadi ya msimamizi, watabonyeza wanachotaka hawawezi kufuta mfumo wala kuweka magemu ya ajabuajabu. Na kwakuwa hamna intaneti, weka Kiwix, inabeba Wikipedia nzima ndani ya diski inasomeka bila bando hata ya Kiswahili ipo, na Kolibri ambayo unaweka masomo na video kwenye mashine moja na zingine zinasoma kutoka kwake. Hizi mbili zinakubali hata Windows lakini kwenye mashine zilizojaa virusi utazifaidi saa ngapi.

Swali: Kijana, mimi mstaafu wa reli, niko Ujiji. Mwanangu kaniwekea hiyo Linux na inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Ninachouliza, hao watu wanakula nini ikiwa kitu ni bure? Rahisi ghali. Halafu nasikia siri zake ziko wazi kila mtu anazisoma, na mwizi je? (Mstaafu, Ujiji)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo zuri kuliko yote ya leo.

Aliyeianzisha anaitwa Linus Torvalds, Mfini, Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Helsinki ana miaka 21, akatangaza anatengeneza kiini cha mfumo kwa kujifurahisha. Akaruhusu kila mtu asome, abadilishe, agawe, kwa sharti kwamba ukibadilisha ukagawa na wewe uwape wenzio haki hiyohiyo. Leo kiini hicho ndicho kiko kwenye simu zote za Android, yaani hata hiyo simu unayopigia watu wa Uvinza, kama ni Android, ina Linux ndani, na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani tangu Novemba 2017 zote zinatumia hiyohiyo. Sasa makampuni makubwa yakishategemea kitu namna hiyo yanawaajiri watu wa kukitunza, Google, Intel, IBM, wanalipa mishahara. Wengine wanauza msaada, yaani mfumo chukua bure ila ukikwama benki yako inanilipa nije. Red Hat walikula hivyo mpaka IBM ikawanunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Kwahiyo wanakula mzee, tena vizuri.

Hilo la mwizi kusoma siri, sitakupaka mafuta. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwenye kifaa kidogo cha kubana mafaili kinaitwa xz, kinachotumika kwenye Linux karibu zote. Alikuja kama msaidizi, akasaidia kweli zaidi ya miaka miwili, mwenye mradi alikuwa mtu mmoja tu anayejitolea na amechoka, akamwamini akampa funguo, ndipo jamaa akachomeka mlango wa siri. Aliyemkamata ni injinia wa Microsoft, Andres Freund, aliona tu mashine yake inachelewa kama nusu sekunde kumruhusu kuingia akaamua kuchimba. Mlango ukafungwa kabla haujasambaa kwenye matoleo ya kawaida kama aliyokuwekea mwanao.

Mimi nalisoma tukio hilo pande zote mbili. Kuwa wazi kulimwezesha mtu wa pembeni kabisa kuchimba mpaka chini, kwenye mfumo uliofungwa angeishia kuandika malalamiko. Lakini pia mzee, vitu vinavyobeba dunia nzima vinatunzwa na mtu mmoja usiku akitoka kazini kwake, na huo ndiyo udhaifu wenyewe, siyo kusomeka. Mwanao akija mwambie awe anakuonyesha kubonyeza ile ngao ya apdeti pale chini, inatosha.

Na kama barua zako unaandika Kiswahili na maneno yote yanapigiwa mstari mwekundu, LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, aiwashe. Hii kazi ya kuleta Kiswahili huko si ya leo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa Kilinux, mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ilizaliwa 2010 kutokana na hiyohiyo OpenOffice.

Swali: Mambo fundi, mimi mhasibu wa SACCOS, tunatumia Tally na Excel yenye makro (amri za kujiendesha) nyingi alizotuachia mtu aliyehama. Linux itatufaa? (Mhasibu, Kigoma mjini)

Jibu: Poa kaka. Hapana. Tally ni ya Windows, na makro za mtu aliyehama nani atazirekebisha zikigoma kwenye Calc? Hela za watu hizo. Lipieni Windows halali, nunueni mashine inayokubali 11, na bakapu iwe kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa muda wote.

Swali: Oya bro EA FC inapiga Linux? (Kijana wa Gungu)

Jibu: Haipigi mdogo wangu. Magemu mengi ya Steam (duka la magemu la mtandaoni) siku hizi yanakubali ila hiyo ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu unaigomea Linux. Baki ulipo.

Swali: Fundi, nimeweka Linux ya Ubuntu pembeni ya Windows kwenye laptopu moja, nachagua wakati wa kuwasha. Kila nikitoka Ubuntu nikaingia Windows saa iko nyuma masaa matatu kamili. Betri ya ubao imekufa? Pia nikiwa Ubuntu naona mafaili ya Windows ila hayakubali kuhifadhi kitu. (Mwanachuo, Katubuka)

Jibu: Betri nzima, usinunue. Linux inaiwekea mashine saa ya dunia, UTC, halafu yenyewe inajumlisha masaa yetu matatu wakati wa kukuonyesha. Windows ikija inaisoma ileile ikidhani ndiyo saa ya hapa, ndiyo maana pengo ni matatu kamili na si mawili. Fungua teminali ya Ubuntu uandike timedatectl set-local-rtc 1, ingia Windows urekebishe saa mara moja, imeisha.

Hilo la mafaili ni Windows haizimiki kweli, inalala nusunusu ili iwake haraka, kwahiyo Ubuntu inaona diski bado ina mwenyewe inakuruhusu kusoma tu. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, tafuta Fast Startup, iondoe tiki, zima, washa tena uingie Ubuntu.